Hewa Kwanza, Mafuta Baadaye: Adabu ya Kuirekebisha Pampu ya Dizeli Yenye Turbo

Hakuna ombi ambalo fundi wa injini za dizeli hulisikia mara nyingi kuliko hili: fundi, gari halivuti, hebu niongezee mafuta kwenye pampu. Mwenye gari husema hivyo kwa nia njema kabisa, kwani ameliona kwa macho yake gari la jirani, lenye injini ya namna ileile, likipandisha mlima kwa gia ya nne ilhali lake linatweta kwa gia ya pili. Na fundi asiye na subira, akiwa na spana mkononi na parafujo mbele yake, huona kwamba hapo hapana gumu lolote: huilegeza nati, huizungusha parafujo nusu mzunguko, gari hutoka uani na nguvu mpya huku likiacha moshi mweusi nyuma yake, fedha hulipwa, na wote wawili huagana wakiwa radhi. Taksiri ya kazi hiyo haidhihiriki siku ile. Hudhihirika baada ya miezi kadhaa, pistoni ikiwa imetoboka, au turbo imevunjika, au gasketi ya silinda hedi imeungua, na hapo hapana tena anayeikumbuka ile nusu ya mzunguko.

Nimekusudia katika makala haya kueleza kinachotendeka ndani ya pampu parafujo ile inapozungushwa, nini kinachopasa kutangulia kabla ya kuigusa, na kwa nini kipimo cha fundi mwema katika kazi hii ni thumuni ya mzunguko wala si nusu. Simtarajii kila msomaji awe fundi wa pampu baada ya kuyasoma haya, maana ujuzi huo hupatikana kwa miaka na kwa vyombo maalumu vya kupimia. Lakini mwenye gari akijua kanuni ya mambo, hatadanganyika upesi, na fundi kijana akiijua, ataacha kuihukumu pampu kabla ya kusikiliza ushahidi.

Wazo la Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofaulu ilifanya kazi mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, lilikuwa jepesi kulisema na zito kulitenda: hewa tupu ishindiliwe ndani ya silinda mpaka ipate joto la kutosha kuyawasha mafuta, kisha mafuta yaingizwe humo yapate kuwaka yenyewe bila ya cheche. Uzito wote wa jambo ulikuwa katika huko kuyaingiza. Diesel mwenyewe alilazimika kuyapuliza kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa kubwa, na kwa sababu hiyo injini zake zilifaa viwandani na melini, hazikuweza kubebwa na gari. Naye alifariki mwaka 1913 bila ya kuiona pampu ndogo iliyouondoa udhia huo, ambayo kiwanda cha Robert Bosch cha Stuttgart kilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Turbo nayo ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwani Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliipatia hataza mwaka 1905. Vyombo viwili hivi vilizaliwa mbalimbali, kimoja cha mafuta na kimoja cha hewa, na kazi yote ya urekebishaji ninayoieleza hapa ni kuvifanya vipatane.

Ama hewa ndiyo asili ya nguvu, na jambo hili halina budi kufahamika kabla ya jingine lolote. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, maana yake ni kwamba lita moja ya mafuta hayo, kwenye usawa wa bahari, hudai kiasi cha lita 10,000 za hewa. Tena hicho ni kiasi cha vitabuni tu. Ndani ya injini mafuta na hewa hukutana kwa muda mfupi mno, havipati nafasi ya kuchanganyika sawasawa, na kwa hivyo injini ya dizeli yenye afya hupewa hewa zaidi ya hiyo kwa robo nzima au kuzidi. Mafuta yakizidishwa mpaka ziada hiyo ya hewa ikamalizika, baadhi ya kaboni yake hukosa cha kuunguana nacho, na hutoka katika ekzosi kama masizi. Moshi mweusi, kwa hiyo, ni mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha, yakapita katika injini, yakatoka bila ya kufanya kazi yake yote. Na dereva anayejivunia moshi huo kuwa ni alama ya nguvu hujivunia hasara yake mwenyewe.

Kazi ya turbo ni kuipa silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta kwa pumzi yake. Moshi wa ekzosi huligeuza gurudumu moja, gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na gurudumu la pili linalosukuma hewa kuelekea injini, na shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mfano ulio wazi ni wa Land Rover, gari linalojulikana na kila mtu katika nchi zetu. Injini yake ya dizeli ya sentimita za ujazo 2,495, ilipokuwa haina turbo, ilitoa nguvu za farasi zipatazo 68. Na injini iliyokuja baadaye iitwayo 300Tdi, ya mwaka 1994, yenye ujazo uleule, lakini ikiwa na turbo, na kipoza hewa kinachofanana na rejeta ndogo, na utaratibu mpya wa kunyunyizia mafuta, ilitoa nguvu za farasi 111. Silinda hazikuongezeka hata sentimita moja. Kilichoongezeka ni hewa, kisha mafuta yakaifuata.

Sasa na tuifungue pampu yenyewe. Nitazungumzia ile ya Bosch iitwayo VE, na zile za kampuni ya Denso ya Japani zilizotengenezwa kwa hati ya Bosch, kwa kuwa ndizo zilizomo katika Land Rover za Tdi, katika Toyota Land Cruiser nyingi za miaka ya 1990, na katika magari mengine mengi yanayotegemewa hata leo Afrika Mashariki. Ndani yake mna mchi mmoja mdogo wa chuma, ambao mafundi huuita plunja, na huo mmoja huhudumia silinda zote. Nyuma ya mchi huo pana bamba lenye vilima, idadi yake sawa na idadi ya silinda, na vilima hivyo vinapopita juu ya rola huusukuma mchi mbele, na huku ukizunguka hupeleka mafuta kwenye bomba la silinda moja, kisha la nyingine, kwa zamu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, mchi huo hupiga mara 133 katika kila sekunde; na kwa pigo moja, hata injini ikiwa na mzigo kamili, hupeleka mafuta kiasi cha tone moja la maji, kwa muda ambao ni kama sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mafungu elfu. Nafasi iliyopo baina ya mchi na nyumba yake ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa mwanadamu una unene wa kama mikroni 70. Fundi anayekumbuka hesabu hizo haendi kwenye pampu na bisibisi kama aendaye kufungua kitasa cha mlango.

Juu ya mchi huo pana pete inayoteleza, na pete hii ndiyo inayoamua kipimo cha mafuta. Mchi ukifika mahali ambapo tundu lake linatokeza nje ya pete, mafuta humwagika kurudi ndani ya pampu na unyunyizaji hukoma papo hapo. Pete ikisogezwa mbele tundu huchelewa kutokeza na mafuta huwa mengi, ikirudishwa nyuma huwahi na mafuta huwa haba. Wanaoisogeza pete ni wengi. Eksileta huivuta upande mmoja kwa mikono ya springi, na gavana, yaani vile vizito vidogo vinavyotanuka pampu inapozunguka kwa kasi, huirudisha upande wa pili, ili injini isipite spidi iliyowekewa wala isizimike gari likiwa limesimama. Nyuma ya pampu, karibu na matundu ya mabomba ya noseli, iko ile parafujo maarufu ya mzigo kamili, ambayo huuhamisha mhimili wa mikono hiyo yote. Ikiingizwa ndani huongeza mafuta katika kila hali, turbo ikiwa inapuliza au haipulizi. Tena huinua na mwendo wa injini wa kusimama, na ikizidishwa sana gavana hushindwa kuirudisha injini chini hata mguu ukiwa umeondoka kwenye eksileta. Hapo parafujo imekwisha kuwa hatari.

Hekima kubwa ya pampu ya turbo, hata hivyo, haimo katika parafujo hiyo, imo katika kikopo kilichofunikwa juu ya pampu. Ndani ya kikopo mna kiwambo cha mpira, mfano wa ngozi ya ngoma, na bomba jembamba huleta juu ya kiwambo hicho hewa kutoka njia ya kuingilia injini. Maadamu turbo haijaanza kupuliza, springi iliyo chini hukishikilia kiwambo juu, na pampu hukatazwa kutoa mafuta yote iliyo nayo. Turbo ikianza kusukuma, shinikizo hukibonyeza kiwambo, nacho hushuka na kijiti chenye umbo la pia, na kipini kidogo kinachougusa mteremko wa pia hiyo hupata nafasi ya kusogea, na kwa kusogea kwake huiruhusu pete ya mchi iende mbele. Kwa maneno mengine, pampu huipima hewa kwanza, ndipo itoe mafuta. Kanuni ninayoihubiri katika makala haya waliokwisha kuiandika ni wahandisi wenyewe, kwa chuma na mpira, ndani ya kikopo kile.

Nakumbuka gari moja dogo la mizigo lililoletwa kwangu baada ya kupita mikononi mwa mafundi wawili, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuongeza mafuta kwa parafujo ya nyuma. Lilifuka moshi mzito kila lilipoondoka mahali, na mlimani likawa halina nguvu ya kusifiwa. Sikuona kosa katika pampu. Nililiona katika lile bomba jembamba la mpira, lisilozidi unene wa kidole cha mtoto, lililokuwa limepasuka chini ya klipu yake, mahali ambapo jicho halifiki mpaka mkono upapase. Kiwambo hakikuwa kinapata pumzi yoyote, pampu ikidhani kwamba turbo imekufa, na wale ndugu wawili walikuwa wakimlazimisha mlinzi wa mlango kutoa kwa nguvu kile ambacho angalikitoa kwa hiari kama angaliletewa habari. Tulibadilisha bomba, tukairudisha parafujo kwenye alama ya rangi iliyokuwa bado inaonekana kwenye nyuzi zake, na gari likapanda. Gharama ya mpira ule haikufikia hata gharama ya tangi moja la mafuta lililopotea kwa moshi.

Kwa hiyo, kabla ya kuigusa pampu, fundi na aifuate njia ya hewa kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Chujio la hewa litolewe litazamwe. Mabomba yote ya baina ya turbo, kipoza hewa na injini yabonyezwe na yakaguliwe chini ya klipu. Shafti ya turbo ijaribiwe kwa vidole kama inacheza kupita kiasi au inagusa nyumba yake. Shinikizo lipimwe kwa geji gari likiwa mlimani na mzigo, si uani. Kisha ifuatwe njia ya mafuta: chujio la dizeli, mabomba yanayovuta hewa mahali pa kuvuta mafuta, na noseli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia ili ijulikane kila moja hufunguka kwa shinikizo gani na hunyunyiza vipi, kwani noseli inayodondoa badala ya kutoa ukungu hufanya moshi uleule unaosingiziwa pampu. Mwisho itazamwe nafasi ya valvu. Aghalabu ugonjwa hupatikana katika mojawapo ya mambo hayo, na pampu hutoka katika kesi ikiwa haina hatia.

Yakiwa hayo yote yamo katika usalama, jambo la kwanza la pampu ni taimingi, yaani saa ya kunyunyiza, wala si kipimo cha mafuta. Pistoni ya silinda ya kwanza huletwa juu kabisa katika pigo la kushindilia, gurudumu kubwa la injini hufungwa kwa pini ili lisisogee, na kwenye tundu lililo katikati ya kichwa cha pampu huingizwa geji ya saa inayopima umbali ambao mchi umekwisha kusogea mpaka hapo. Katika injini nyingi za namna hii umbali huo ni karibu na milimita moja, baadhi huzidi na baadhi hupungua, na kitabu cha kila injini huutaja hadi sehemu ya mia ya milimita. Kipimo cha injini moja hakifai kwa nyingine hata kama pampu zao zinafanana kwa nje. Boliti zinazoishika pampu hulegezwa, mwili wake hugeuzwa kidogo, nao ukigeuzwa kinyume cha mzunguko wa shafti yake unyunyizaji huwahi, ukigeuzwa kuufuata mzunguko huchelewa. Ukiwahi kupita kiasi injini hugonga kwa mlio mkavu na mashinikizo makubwa huipiga gasketi na beringi. Ukichelewa, mafuta huungua wakati pistoni imekwisha kuanza kushuka, nguvu hupungua, ekzosi huwa ya moto sana, na asubuhi ya baridi hutoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Watu wangapi wameongeza mafuta ili kuponya unyonge ambao chanzo chake kilikuwa saa iliyochelewa!

Ndipo huja zamu ya kikopo cha kiwambo, na hapa fundi ana mahali patatu pa kugusa. Parafujo ndogo iliyo juu ya kifuniko huamua kiwambo kitulie wapi turbo ikiwa bado haijapuliza, na kwa hivyo ndiyo inayotawala moshi wa kuondokea. Gurudumu lenye meno lililo chini ya springi huamua kiwambo kianze kushuka upesi au kwa kuchelewa: likishushwa, springi hulegea na mafuta huja mapema. Na ile pia yenyewe, kwa kuwa mteremko wake haukuchongwa sawa pande zote, kiwambo kikigeuzwa kidogo hukipa kipini upande wenye kina kikubwa au kidogo zaidi, na hiyo ndiyo inayotawala mafuta ya juu, turbo ikiwa imejaa. Kila mojawapo ya vitu hivyo hutiwa alama ya rangi kabla ya kuguswa, na kila badiliko huandikwa. Kubadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja ni kujinyima elimu, maana gari likipona au likizidi kuumwa hutajua ni lipi kati ya hayo lililosababisha.

Parafujo ya mzigo kamili huguswa mwisho, ikiwa haja bado ipo, nayo huguswa kwa thumuni ya mzunguko, kisha gari hupelekwa barabarani. Jaribio la haki ni mlima mrefu, mzigo wa kawaida wa gari lile, gia ya juu na eksileta chini, huku macho yakitazama vitu vitatu: geji ya shinikizo la turbo, kioo cha nyuma kinachoonyesha rangi ya moshi, na geji ya joto la ekzosi iliyotiwa kabla ya turbo. Geji hii ya tatu ni ghali kidogo, lakini ndiyo shahidi mwaminifu kuliko wote. Joto likikaribia digrii 700 za selsiasi na kubaki huko muda mrefu, mafundi wengi huliona kuwa ni mpaka wa kusimama, na sababu yao ni dhahiri: pistoni imetengenezwa kwa aloi ya alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye digrii 660. Pistoni haipati joto lote la moshi unaopita juu yake, kwa kuwa mafuta ya injini huipoza kutoka chini, walakini uvumilivu wake una kikomo, nacho hakina kengele ya kumwonya dereva.

Liko jambo moja ambalo mafundi wa pwani na mafundi wa bara hukosana juu yake bila ya kujua kwamba wote wana haki. Gari hurekebishwa Mombasa, hutoka halina moshi, likafika Limuru likafuka. Mwenyewe humlaumu fundi wa Mombasa, na fundi wa Mombasa huapa kwamba aliliacha safi. Kisa ni hewa yenyewe. Mombasa shinikizo la hewa ni kama bar 1.01, na Nairobi, iliyoko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni kama bar 0.82. Kiwambo cha kawaida hupima tu jinsi turbo ilivyozidi hewa ya nje, hakipimi hewa yote. Basi turbo ikisukuma bar 0.8 huko pwani, silinda hupata jumla ya bar 1.81, na ikisukuma kiasi kilekile Nairobi hupata bar 1.62 tu. Kiwambo hushuka sawasawa mahali pote pawili, mafuta huwa yaleyale, lakini hewa imepungua sehemu moja katika kumi, na Limuru, iliyo juu zaidi ya mita 2,000, hupungua tena. Hali ni hiyohiyo kwa gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Kwa sababu hiyo rai yangu ni kwamba gari lisilo na kifaa cha kufidia mwinuko lirekebishwe kwa kufikiria mahali pa juu kabisa linapokwenda, wala si mahali linapolala.

Fauka ya hayo, pampu ya namna hii haina mafuta mengine ya kujilainisha illa dizeli ileile inayoipita. Maji kidogo, au vumbi lililopenya chujio bandia, huukwaruza mchi kwa namna isiyotengenezeka. Na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na hayana utelezi wa kutosha, huila pampu polepole mpaka nafasi zile za mikroni zikatanuka na mafuta yakavuja ndani kwa ndani. Serikali zetu zimeuona ubaya huo: Tanzania iliipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, ili mchanganyaji asipate tena faida ya tofauti ya bei. Pampu iliyokwisha kulika hivyo haiponywi kwa parafujo. Huongezwa leo, ikadhoofu kesho, ikaongezwa tena, na kila mara huwa vigumu zaidi kuiwasha injini ikiwa imepata moto. Dawa yake ni kufunguliwa na fundi wa pampu mwenye meza ya kupimia, na sehemu zilizolika zibadilishwe.

Yamebaki maonyo mawili yasiyofaa kupuuzwa. La kwanza ni parafujo ya spidi ya juu kabisa, ambayo kiwandani hufungwa kwa waya na risasi: huo ni muhuri, na asiye na kipimo cha mizunguko na kitabu cha injini hana ruhusa ya kuuvunja, kwani injini iliyopita spidi yake huvunja fimbo zake kwa sekunde. La pili ni juu ya mwili wa fundi mwenyewe. Mafuta yanayotoka kwenye noseli au kwenye bomba lililopasuka huwa na shinikizo la mamia ya bar, nayo hupenya ngozi na kuingia nyamani. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, pengine haliumi sana saa ya kwanza, na hata hivyo ni jambo la kukimbilia hospitali saa ileile, maana mkono umeweza kupotea kwa kuchelewa. Mvujo hutafutwa kwa kipande cha karatasi ngumu. Hautafutwi kwa kidole.

Alhasili, pampu yenye turbo ni mizani, na mizani haiponi kwa kuongezewa uzito upande mmoja. Fundi mwenzangu, ukiletewa gari lisilovuta, anza na chujio la hewa, maliza na parafujo, na baina ya hayo mawili andika kila unachokigusa, ili hata ukikosea uwe na njia ya kurudi. Nawe mwenye gari, siku utakapokwenda kwa fundi, usimwambie akuongezee mafuta. Mwambie akutafutie hewa inapotelea wapi, umpe muda wa kuitafuta, na umlipe kwa muda huo kama vile ambavyo ungemlipa kwa kazi ya spana.